Mpira wa gofu haukimbii, mbona uharakishe?

Mpenzi msomaji, katika michezo yote ya mpira hakuna wenye mpira mpole kama gofu. Mpira wa kandanda hukujia mbio, ukaupiga kabla hujapata hata nafasi ya kuogopa. Wa tenisi ni vivyo hivyo. Lakini huu wa gofu, ambao kisheria uzito wake haupaswi kuzidi gramu 45.93, hukaa kimya nyasini ukikungoja. Hausogei, wala hakuna mpinzani anayekuja kukupokonya. Ungedhani basi kuupiga ni rahisi kama kuokota embe lililoanguka. Waulize waliojaribu! Ule muda mfupi wa kusimama mbele ya mpira uliotulia ndio mlango ambao hofu huingilia.

Jambo hili nimelikumbushwa na barua ya mama mmoja mkazi wa mtaa wa Umoja, jijini Nairobi, ambaye kwao ni Katangi, kule Yatta katika kaunti ya Machakos. Mwanawe yuko kidato cha tatu, na kila likizo huenda Katangi kukaa na nyanya yake. Huko mjomba wake, aliyewahi kubeba mifuko ya wanagofu, alimpa fimbo moja kuukuu ya chuma, nambari saba, pamoja na mipira michache iliyokwaruzika. Mavuno yakishatoka na shamba likibaki wazi, kijana hupiga mipira hiyo asubuhi na jioni. Mjomba anasema anaipiga vizuri ajabu.

Shida ilitokea mjomba alipompeleka kwenye uwanja wa gofu wa Machakos, ule wenye mashimo tisa, ili watu wamwone. Mbele ya macho ya watu sita tu, kijana alipiga ardhi, vumbi likaruka na mpira ukabaki pale pale. Mara ya pili ulikwenda kando. Mara ya tatu mikono ilikuwa ikitetemeka. Sasa amealikwa kurudi likizo ijayo kujaribiwa pamoja na vijana wengine, naye amesema haendi. Linalomtia mama wasiwasi zaidi ni kwamba kijana ameanza kusema hivyo hivyo kuhusu hesabu: nyumbani anaziweza, ila akikalia mtihani akili inaganda. Na mwakani ana KCSE. Mama anauliza, "Je, mwanangu hana ujasiri?"

Mama, nikujibu moja kwa moja. Mwanao ana ujasiri wa kutosha. Asichokuwa nacho ni utaratibu. Pale shambani hakuuhitaji, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimtazama isipokuwa mbuzi. Utaratibu hufundishika, tena bila gharama, na leo ningependa tuutazame pamoja. Hata wewe msomaji ambaye hujawahi kushika fimbo ya gofu, usigeuze ukurasa. Huenda ukaona jambo la kukufaa.

Utaratibu ni nini?

Siku ukipata nafasi ya kutazama mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza mwaka 1967 na ambayo tangu 2019 yamo katika ziara kuu ya Ulaya, usiufuate mpira kwa macho. Mtazame mchezaji kabla hajapiga. Utamwona akisimama nyuma ya mpira, akitazama mbele, akibembeza fimbo mara moja au mbili hewani, kisha akisogea, akipanga miguu, akitupa jicho kule anakolenga, halafu akipiga. Mfuate hadi shimo la pili, la tatu, la kumi. Atafanya yale yale, kwa mpango ule ule na karibu kwa muda ule ule, awe anaongoza au anaburura mkia.

Mmarekani Jack Nicklaus, aliyeshinda mashindano makuu 18 na la mwisho kati ya hayo mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 46, alieleza katika kitabu chake cha 1974 kwamba hakupiga mpira hata mazoezini kabla ya kuuona kwanza akilini: mahali utakapotua, njia utakayopita hewani, na mwisho yeye mwenyewe akiupiga pigo la kuufikisha huko. Mtu akifanya hivyo, akili yake huwa na kazi. Na akili yenye kazi haina nafasi ya kuwahesabu watu waliosimama kando.

Hilo ndilo jibu la kwa nini utaratibu hufaa. Hofu haiondoki kwa kuambiwa iondoke. Mwambie mtoto "Usiogope!" na papo hapo umemkumbusha kuogopa. Lakini mpe mambo matano ya kufanya, moja baada ya jingine, mambo aliyoyafanya mara elfu moja akiwa peke yake, naye atajikuta amefika kwenye pigo kabla hofu haijapata pa kukaa.

Hatua zenyewe

Kila mchezaji ana utaratibu wake, lakini huu wa hatua tano unamtosha anayeanza.

Kwanza, simama nyuma ya mpira, hatua mbili tatu hivi, ukielekea unakotaka uende. Chagua mahali pamoja padogo. Kusema "kule mbele" hakutoshi. Kule Katangi, sema "ule mgunga wa kushoto". Kisha uone mpira ukienda huko.

Pili, ukiwa bado nyuma ya mpira, tafuta alama iliyo karibu, kama hatua moja mbele ya mpira, kwenye mstari uleule wa kuelekea mgunga. Jani kavu, kijiwe, shina la nyasi, chochote. Hii pia ni mbinu ya Nicklaus. Kuulenga mti ulio umbali wa mita 120 ni vigumu, lakini kulenga kijiwe kilicho karibu na miguu yako hata mtoto ataweza.

Tatu, bembeza fimbo hewani mara moja, au mbili ukipenda, lakini idadi iwe ile ile siku zote. Hapa unaukumbusha mwili ule mwendo tutakaouzungumzia baadaye.

Nne, usogelee mpira. Weka kwanza kichwa cha fimbo nyuma ya mpira, uso wake ukielekea ile alama ya karibu. Baada ya hapo ndipo upange miguu. Wengi hupanga miguu kwanza, kisha wakapindisha fimbo ifuate miguu, halafu wakashangaa mpira ukienda kando.

Tano, tazama shabaha mara moja ya mwisho, rudisha macho kwenye mpira, toa pumzi taratibu, legeza vidole, upige. Usikae hapo ukijadiliana na nafsi yako. Kadiri unavyokawia juu ya mpira ndivyo misuli inavyokaza.

Je, haya yote hayachukui muda mrefu? La. Ukiyazoea, ni kama sekunde 20 au 25. Sheria za gofu zilizoanza kutumika mwaka 2019 zinapendekeza mchezaji asizidi sekunde 40 zamu yake ikifika na akiwa hana kizuizi. Sheria hizo hizo zinamkataza mbeba mifuko kusimama nyuma ya mchezaji kwenye mstari wa shabaha mara mchezaji anapoanza kujipanga kupiga. Kwa maneno mengine, kujielekeza ni kazi yako mwenyewe. Mjomba hawezi kukusaidia hapo, hata awe hodari namna gani. Afadhali uizoee mapema.

Mwendo wa mchi

Sasa tuje kwenye mbembeo wenyewe. Anayeharibu pigo mbele ya watu kwa kawaida huambiwa, "Pole pole! Punguza kasi!" Ushauri huo una nia njema, lakini mara nyingi humpotosha. Kijana huinua fimbo kwa unyonge kama anayebeba maji yaliyojaa hadi pomoni, kisha, akiogopa kwamba nguvu hazitatosha, huishusha kwa pupa. Matokeo ni lile vumbi la Machakos.

Mwaka 2004 Mmarekani John Novosel alitoa kitabu kilichotokana na kuzitazama filamu za wachezaji mashuhuri, picha moja moja, picha 30 kwa kila sekunde. Aligundua jambo la kustaajabisha. Wachezaji walihitilafiana kwa kasi, lakini hawakuhitilafiana sana kwa uwiano. Muda wa kupandisha fimbo ulikuwa kama mara tatu ya muda wa kuishusha hadi kwenye mpira. Mmoja alitumia picha 27 kupandisha na 9 kushusha, mwingine 24 kwa 8, na wa tatu, mwenye haraka zaidi, 21 kwa 7. Piga hesabu, wewe mwanafunzi: picha 21 ni sekunde 0.7, na picha 7 ni kama sekunde 0.23. Pigo zima halikufika hata sekunde moja! Kumbe mabingwa hawaendi pole pole kama tunavyodhani. Wanaonekana watulivu kwa sababu sehemu mbili za mbembeo zimepatana.

Msomaji wa Ukambani hahitaji filamu kulielewa hili. Amwendee nyanya yake anapotwanga muthokoi. Mahindi hayo hutwangwa ili ganda litoke, punje ibaki nzima. Mtwangaji hauinui mchi kwa kuunyakua, wala hausukumi chini kwa hasira. Huupandisha kwa mkono uliolegea, unafika juu, kisha anauacha ushuke kwa uzito wake, naye akiuongoza tu. Akiukandamiza kwa nguvu zote, punje zitapondeka na kinu kitamwaga. Tena watazame wanawake wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja kwa kupokezana. Mmoja akiharakisha kidogo tu, michi itagongana. Hakuna anayewahesabia, mwendo umo mikononi mwao. Fimbo ya gofu nayo ni mchi wa aina yake. Kichwa chake kina uzito, na uzito huo ukiachwa ufanye kazi utafanya.

Kwa wasio na kinu, kuna njia ya kuhesabu. Chagua neno lenye silabi tatu na ulitamke kwa mapigo sawa wakati fimbo inapanda, kisha pigo la nne liwe kwenye mpira. Huyu kijana wetu hana haja ya kutafuta neno mbali: Ka-ta-ngi, pa! Ka-ta-ngi, pa! Silabi tatu kupanda, moja kushuka. Aseme kwa sauti akiwa shambani, akazoee, halafu alisemee moyoni akiwa mbele ya watu. Mwenye asili ya haraka atamke upesi, mpole atamke taratibu, mradi mapigo yawe sawa. Hapo hofu itapata kazi nyingine ya ziada, kwa kuwa ni vigumu kuhesabu silabi na kuogopa kwa wakati mmoja.

Mazoezi bila gharama

Wengi hupiga mipira 100 mbio mbio, wakidhani wanafanya mazoezi. Hao wanazoeza haraka. Afadhali mipira kumi, kila mmoja kwa hatua zote tano, ukienda kuuokota na kurudi. Kwa siku 14, fanya hivi.

Siku nne za kwanza, usipige mpira wowote. Fanya hatua zako na kupiga jani au kikonyo cha hindi, ukitaja silabi. Laza mabua mawili yaliyonyooka ardhini, moja likielekea shabaha na lingine mbele ya vidole vya miguu, ili uhakikishe umesimama sawa.

Siku sita zinazofuata, piga mipira kumi asubuhi na kumi jioni. Uwe na daftari, lakini usiandike mpira ulikokwenda. Andika tiki kama ulifuata hatua zote, na mkasi kama uliruka hata moja. Hizo ndizo alama zako.

Siku nne za mwisho, tafuta watazamaji. Waite ndugu, binamu na majirani. Waruhusu wacheke, wakohoe, waseme "utakosa!" Wekeni na ahadi: ukiruka hatua, unaosha vyombo vya chakula cha jioni. Ukiwa umeshachekwa na binamu wanane, macho ya watu sita wa Machakos hayatakuwa mageni.

Tahadhari, tafadhali. Mpira wa gofu ni mdogo lakini unaweza kumtoa mtu jicho. Omba ruhusa ya mwenye shamba, hakikisha hakuna mtu, mtoto wala mnyama upande unakopiga, na watazamaji wasimame mbali, nyuma yako. Na usipige penye mawe.

Neno kwa wazazi

Wapo wazazi watakaosema gofu si mchezo wetu. Ni kweli kwamba uliletwa na Waingereza, na klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, enzi ambazo Mwafrika aliingia humo kubeba mifuko tu. Lakini wabeba mifuko hao walitazama, wakajifunza, na wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa wametoka miongoni mwao. Mwaka 1998 Mkenya Jacob Okello alilikaribia mno taji la Kenya Open, akashindwa na Ricardo González wa Argentina baada ya kutoka sare na kurudia. Tangu 1967 hadi 2025 hakuna mwananchi aliyelitwaa. Rose Naliaka, mwanamke wa kwanza nchini kucheza gofu ya kulipwa, amejitolea kuwafundisha watoto. Kuna pia shirika la Junior Golf Foundation linalowaandalia vijana mashindano. Njia ipo, ingawa ni nyembamba, na sitawadanganya kwamba fimbo moja kuukuu itamfanya kila mtoto tajiri.

Mzazi anaweza kusaidia au kuharibu kwa swali moja tu. Mtoto akirudi, usianze na "Umeshinda?" Uliza, "Ulifuata utaratibu wako?" Swali la kwanza linahusu jambo asiloweza kulitawala, maana upepo, nyasi na wapinzani havimo mikononi mwake. La pili linahusu jambo aliloweza kulifanya akiwa na hofu au bila hofu. Na akikosea, mpe hatua kumi za kujuta anapouendea mpira wake. Zikiisha hizo kumi, mpira unaofuata ni mpya.

Na hesabu je?

Hapa ndipo nilipotaka tufike, kwa sababu kijana anaweza kuacha gofu lakini hawezi kuukwepa mtihani. Karatasi ya mtihani nayo ni mpira uliotulia. Haikufukuzi, inakungoja tu, na katika kungojwa huko akili huganda. Tengeneza utaratibu wako wa kila swali. Lisome swali mara mbili. Pigia mstari kinachoulizwa. Andika ulichopewa. Toa pumzi. Anza na mstari wa kwanza wa kazi, hata kama bado huoni wa mwisho. Ukikwama, weka alama pembeni, nenda swali linalofuata, utarudi. Fanya hivyo katika kila zoezi la jioni, si siku ya mtihani pekee, kwa maana utaratibu uliovaliwa siku ya sherehe tu hubana kama kiatu kipya.

Lakini tusitiane upofu. Utaratibu haumfundishi mtu hesabu asizosoma, wala haunyooshi mbembeo uliopinda. Mpira bado utakwenda kando mara nyingine, hata kwa mabingwa. Kazi ya utaratibu ni kukuwezesha kukifikisha mbele ya watu kile unachokiweza ukiwa peke yako. Hiyo si kazi ndogo. Wangapi tunaowajua waliokuwa na kipaji, wakakiacha nyumbani siku iliyohitajika?

Kwa hiyo, Mama, shauri langu ni hili. Usimlazimishe kwenda Machakos, wala usimruhusu kuacha leo. Mwombe siku 14 tu za utaratibu, kisha aamue mwenyewe. Akiamua kwamba gofu haimpendezi, muache kwa heri atafute mchezo mwingine, maana hiyo ni haki yake. Ila uamuzi huo autoe yeye, isiwe hofu imemwamulia. Kijana akiiachia hofu uamuzi mmoja akiwa na miaka 17, itarudi kudai mingine.

Nawe msomaji, kabla ya lolote linalokutetemesha wiki hii, liwe usaili wa kazi, hotuba ya harusi au mtihani wa kuendesha gari, jiulize: hatua zangu tano ni zipi? Ziandike leo jioni, uzizoee kesho. Mpira uko pale pale, hauendi popote.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.